Tundu la Kupumulia

"Hujuma," alisema Mama Mdogo. "Hujuma tupu, mwanangu. Na anayetuhujumu namjua."

Inspekta alikuwa bado amesimama mlangoni, akiyapa macho nafasi ya kuzoea kiza cha ndani. Lile ghala zamani lilikuwa la magunia, na nyuzi za katani zilikuwa bado zimenasa kwenye nyufa za sakafu. Juu yake pikipiki kuukuu zilisimama kwa mstari mmoja, zote zimelalia upande wa kushoto, kama wazee waliosinzia mkutanoni. Chini ya kila injini palikuwa na kipande cha bati cha kukinga oili. Hakuna chombo cha umri ule kisichovuja, na hakuna mwanachama aliyeona hilo kuwa ni aibu.

Ilikuwa Jumamosi, siku yake ya mapumziko. Alikuwa amekuja na kandambili miguuni kwa sababu mdogo wake mama alipiga simu, akasema "Njoo," akakata. Mama Mdogo alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, na hata baada ya kustaafu alikuwa akiwaita watu wazima kama anawaita ubaoni. Sasa alikuwa katibu wa Chama cha Pikipiki za Kale, na mwenyewe alikuwa na kipikipiki cha kijani kilichoizidi ndoa yake kwa umri.

"Anayewahujumu tutamfikia," alisema Inspekta. "Kwanza niambie kilichotokea."

"Kila Jumapili tunatoka pamoja. Na kila Jumapili, tangu mvua zikatike, pikipiki moja inazimika njiani. Leo ya huyu, wiki ijayo ya yule. Inazimika, unaiwasha, inakwenda kidogo, inazimika tena. Kisha inapona. Ukiirudisha hapa ukaifungua, huoni kitu."

"Na unamshuku nani?"

"Mwenyekiti. Nani mwingine?" Mama Mdogo alishusha sauti, ingawa ghalani hamkuwa na mtu. "Tulikuwa na mwenyekiti mwenye mikono ya kazi, tukapewa daktari wa meno. Wahenga hawakukosea, jino la pembe si dawa ya pengo. Anataka tuchoke. Tukichoka tutaacha kutoka, mashine zikae ndani zifutwe vumbi, yeye azipige picha. Leo saa kumi tuna kikao cha kumwondoa, na mimi nataka niingie na ushahidi, si na maneno."

"Kabla ya pikipiki kuanza kuzimika, mlikuwa mnamlalamikia nini?"

Hapo Mama Mdogo hakuhitaji kufikiri. Mwenyekiti alikuwa ameibadilisha njia. Zamani walipanda mlimani, kona baada ya kona, wakashukia darajani. Sasa wanapelekwa barabara ya matanuri ya matofali, tambarare kama meza, vumbi mpaka kooni. Tena aliwakataza kupitana. Wote nyuma yake, mwendo mmoja, kama watoto wa chekechea wanaopelekwa chooni. Na kabla ya kuondoka lazima kila mtu ajaze tangi mpaka pomoni, hata kama safari yenyewe ni ya hapo na hapo.

"Mtu mzima na tangi lake, anapangiwa! Sisi tunauliza mwelekeo wa chama. Tunaelekea wapi?"

"Kwenye matofali," ilijibu sauti nyuma yao.

Aliyeingia alikuwa Mwokaji, mtu mnene mwenye unga kwenye nyusi. Kwa kuwa aliamka kabla ya kila mtu, ufunguo wa ghala ulikaa kwake. Yeye ndiye aliyekuwa na mashine yenye kasi kuliko zote, na ndiye aliyeililia njia ya mlimani kuliko wote.

Inspekta alimvutia kiti. "Kaa, kaka. Ufunguo ni wako peke yako?"

"Mimi na Mwenyekiti. Yeye hupita Jumamosi asubuhi kukagua." Mwokaji alikaa, kisha akalitambua swali lilikokuwa likielekea. "Ngoja. Unanihoji mimi?"

"Namhoji kila mtu. Wewe ulikuwa huitaki njia ya matofali. Pikipiki zinazimika kwenye njia ya matofali. Ungetaka kuionyesha kuwa ni njia mbovu, ungefanya nini?"

"Ningesema! Mimi nina mdomo, dada yangu. Muulize huyu." Mama Mdogo aliitikia kwa kichwa, bila furaha. "Tena Jumapili iliyopita iliyozimika ni yangu. Nilihangaika nayo juani hadi nikaiva. Hata mkate wangu siuchomi namna ile."

"Ilipozimika ulifanya nini?"

"Nilichofanya ndicho anachofanya kila mtu. Nilifungua kifuniko cha tangi kuangalia mafuta. Yamejaa. Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka, kisha ikazimika tena."

"Ulipofungua, ulisikia chochote?"

Mwokaji alikunja uso, akifikiri. "Ilivuta pumzi. Fyuuu. Kama mtu aliyezibwa pua akaachiwa."

"Wenzako waliozimikiwa walisikia hivyo?"

"Mmoja alisema. Nikamcheka."

Inspekta alivua saa yake ya mkononi, akaiweka mfukoni. Mama Mdogo aliijua dalili hiyo, kwamba amenasa kitu, akasogea karibu.

"Na ilizimikia wapi?"

"Pale pale zinapozimikia zote. Getini kwa Mzee Kabureta, au hatua chache kabla."

Mzee Kabureta ndiye aliyekianzisha chama, akakiongoza mpaka kiharusi kilipomwangusha mwaka uliopita na kumlegeza upande mzima wa kulia. Alipotoka hospitali alituma ujumbe mmoja tu: asije mtu kumtazama, yeye si maonyesho. Walikwenda hivyo hivyo, kwa ukaidi wa mapenzi, wakakuta geti limefungwa. Wakarudi.

"Lakini pikipiki ya kwanza ilipozimika pale," alisema Mwokaji, "alikuwa barazani. Akapiga kelele, 'Lete!' Basi tukaipeleka. Akaishika kwa mkono wake mzima, akaipapasa huku na huku, akasema washa. Ikawaka, na haikuzimika tena. Tangu siku ile kila inayozimika tunamwingizia uani. Mzee ana mkono wa ajabu."

"Hakuna iliyowahi kuzimikia kwingine?"

"Moja tu, ilizimika mapema, huko nyuma kwenye tanuri la kwanza. Mwenyekiti akashuka, akaisukuma yeye mwenyewe na koti lake la ngozi, njia nzima hadi kwa Mzee. Alisema kule kuna kivuli." Mwokaji alitikisa kichwa. "Na pale ilipozimikia tulikuwa chini ya mti."

Inspekta alikwishazielekea pikipiki. Alianza mwanzo wa mstari. Alifungua kifuniko cha tangi la kwanza, akakifuta kwa upindo wa kanga ya mama yake mdogo, akakiweka mdomoni na kupuliza. Pumzi ikapita kwenye katundu kadogo kalikotobolewa juu yake.

"Tangi lazima lipumue," alisema. "Mafuta yakitoka, hewa inaingia. Hewa isipoingia, mafuta yanagoma kutoka. Unafungua kuangalia, hewa inaingia yenyewe, unadhani imepona."

Alikifunga, akaenda la pili. Pumzi ikapita. La tatu, ikapita. Mwokaji alimfuata akijiumauma. Mama Mdogo alimfuata akiwa ameshika kiuno. Walifika hadi kwenye kipikipiki cha kijani. Inspekta akapuliza, mashavu yakajaa, na hakuna kilichopita.

"Cha kwangu?" Mama Mdogo alishika kifua. "Kesho ilikuwa zamu yangu? Nisukume mimi, na magoti haya?"

"Nipe pini ya nywele."

Kilichotoka kwenye katundu kilikuwa kadonge laini ka rangi ya waridi. Inspekta alikabonyeza, kakashika alama ya kucha yake. Alikanusa. Mwaka jana aliwahi kukaa mdomo wazi huku akiambiwa aume kipande cha kitu hicho hicho, ili meno yake yapimwe.

"Nta ya meno," alisema.

"Si nilikwambia!" Mama Mdogo alipiga makofi. "Si nilikwambia ni nani!"

"Uliniambia nani. Hukuniambia kwa nini." Inspekta aliifunga nta kwenye karatasi. "Mama Mdogo, naomba hili libaki hapa mpaka nirudi."

"Kikao ni saa kumi."

"Ndiyo maana naondoka sasa."

* * *

Mgonjwa wa mwisho alitoka akiwa ameshika shavu. Daktari alikuwa akinawa mikono, mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kumwonyesha kila aliyeingia kile kiti cha kulala hata kama alikuja kwa mazungumzo. Inspekta aliamua kusimama. Alikunjua karatasi juu ya trei, kati ya koleo na kioo kidogo.

Daktari aliitazama nta. Alijifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Ulipuliza?" aliuliza.

"Nilipuliza."

"Vizuri. Katika chama kizima hakuna aliyewahi kufikiria kupuliza. Wanafungua injini nzima."

"Daktari, wanachama wana malalamiko matatu. Njia, mwendo, na tangi kujaa. Wanadhani ni mambo matatu. Mimi naona ni jambo moja." Inspekta alihesabu kwa vidole, kama alivyofundishwa na mama yake mdogo. "Tangi likijaa pomoni, hewa ya ndani ni kidogo, kwa hiyo linakwama mapema. Mwendo ukiwa mmoja, unajua litakwamia wapi. Na njia ile ndiyo inayopita pale unapotaka likwamie. Mtu anayetaka kuziaibisha pikipiki angezizimia sokoni, watu wacheke. Wewe unazizimia mbele ya geti moja. Na ile iliyokosea ukaisukuma mwenyewe."

Daktari alikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa. Akiwa pale alionekana mdogo.

"Alisema asije mtu kumtazama," alisema. "Mimi nilikwenda mara nyingi kuliko wote. Mkewe alinizuia getini, analia, anasema: hali chakula, haongei, ameugeukia ukuta. Ungefanya nini? Mtu aliyekataa wageni huwezi kumpelekea wageni. Lakini nilijua hawezi kukataa pikipiki mbovu. Hajawahi kukataa, tangu nimjue."

"Na kama angekataa?"

"Ningesukuma hadi nyumbani." Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Siku ya kwanza aliposema 'Lete', niligeuka nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Sikuwa na kiatu cha kamba."

Nje gari lilipita, vyombo vya kwenye trei vikatikisika.

"Leo watakuondoa."

"Najua."

"Ukiwaeleza hawatakuondoa."

"Nikiwaeleza, kabla ya magharibi atakuwa amesikia kwamba pikipiki zote zile zilikuwa za kumhurumia. Atafunga geti. Safari hii atalifunga moja kwa moja." Daktari alisimama, akavua koti lake jeupe. "Wewe fanya kazi yako, Inspekta. Waambie ni mimi. Hilo ni kweli. Sababu niachie mwenyewe."

* * *

Maelezo ya mshukiwa hayathibitishwi na mshukiwa. Inspekta aliendesha gari hadi barabara ya matanuri, akaliacha pale ambapo, kwa hesabu yake, tangi lililojaa lingekwama. Geti lilikuwa mkono wa kulia, na lilikuwa wazi.

Mke wa Mzee Kabureta alimkaribisha barazani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha mito, shati limefungwa vifungo vyote, mkono wa kulia umelazwa pajani kama kitu alichokabidhiwa akitunze.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Maneno yalimtoka kwa kazi, moja moja. "Umeharibikiwa?"

"Hapana, mzee. Mimi ni mtoto wa dada yake Katibu. Ni askari."

Mkono wa kushoto wa Mzee uliingia mfukoni mwa shati, ukatoka na kijiti cha kiberiti. Kwenye ncha yake paliganda nta ya rangi ya waridi.

"Hiki?" aliuliza.

Inspekta aliketi bila kukaribishwa. "Mzee unajua."

"Siku ya kwanza." Alivuta pumzi. "Tundu la kifuniko. Nani alimfundisha? Mimi. Alikuja kwangu... hajui hata kushika spana. Nikamwambia, pikipiki ni kama mtu. Ukiiziba pumzi..." Neno lilimkataa. Mkewe alitaka kumsaidia, akamzuia kwa kidole. "...inakufa imeshiba."

"Kwa nini hukusema?"

"Wangeacha kuja."

Mkewe aliachia kicheko, kicheko cha mtu aliyekuwa nacho muda mrefu. "Nimeolewa na mtoto! Anachokonoa kijiti kisirisiri chini ya kiganja, watu wanasema mkono wa ajabu. Yule naye anasimama pale kwenye maua yangu anajifanya anashangaa. Kila mmoja anamdanganya mwenzake, na mimi nawapikia chai wote wawili." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Lakini sasa ananyoa ndevu, mwanangu. Jumapili ananyoa mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Nani anajali damu akijikata?"

Inspekta aliangalia kuelekea lilipokuwa jua. "Mzee, saa kumi wanamwondoa kwenye uenyekiti. Wanasema anakiua chama. Amekubali kutaja kosa, na amekataa kutaja sababu. Anaogopa ukijua kwamba umeonewa huruma utafunga geti."

Shavu zima la Mzee Kabureta lilitikisika. Lile lililolegea halikufanya kitu.

"Mama," Mzee alisema, bila kumgeukia mkewe. "Viatu."

Mkewe alisimama pale pale, mkono mdomoni. Tangu hospitali Mzee hakuwa amevaa viatu. Kisha aliingia ndani mbio, na wakasikia makabati yakifunguliwa na kugongwa.

* * *

Walipofika ghalani kikao kilikuwa kimeshachafuka. Mama Mdogo alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele yao, kichwa wazi, kama mshtakiwa aliyekuja na mashahidi wa upande wa pili.

"Nta niliweka mimi," alikuwa akisema. "Katika kila iliyozimika. Nawaomba radhi."

"Kwa nini?" alifoka Mwokaji. "Mimi nakuuliza kwa nini! Mtu haamki tu akaziba matangi ya wenzake!"

"Sina la kuongeza."

"Basi toka!" alisema mmoja nyuma, na wengine wakaitikia. Mama Mdogo alitafuta sura ya Inspekta mlangoni, amwombe ripoti. Inspekta alisogea pembeni tu, akaacha njia.

Mzee Kabureta aliingia ameegemea fimbo na bega la mkewe. Mguu wa kulia uliburuza, kiatu kikitoa mlio kwenye sakafu. Watu wazima walisimama kama wanafunzi. Mwokaji alivua kofia, unga ukamwanguka mabegani.

Mzee alisimama mbele ya Daktari. Walitazamana.

"Nilijua," alisema Mzee. "Siku ya kwanza."

Daktari alipiga hatua kumshika, Mzee akamkataa kwa kichwa.

"Nikanyamaza. Ili mje." Alipumzika, akauegemea mkono wa mkewe. "Niliwafukuza. Nikabaki na ukuta. Ukuta hauna... hauna hata plagi." Mtu mmoja alicheka na kulia kwa pamoja. "Huyu alitafuta tundu. Akapita."

Mama Mdogo, ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya darasa lolote, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kuna hoja mezani," alisema mwishowe. "Ya kumwondoa Mwenyekiti. Mwenye hoja bado anayo?"

Mwokaji alijikuna kichwa. "Hoja yangu mimi ilikuwa ya njia tu. Lakini kama njia ile ndiyo inayotufikisha kwa Mzee, basi matofali na yawe matofali. Nitavaa kitambaa puani."

"Hapana," alisema Mzee Kabureta.

Wote walimgeukia.

"Njia ile ni mbaya. Vumbi. Nani aliichagua?" Daktari aliinamisha kichwa, na safari hii alikuwa akicheka. "Kesho ni mlimani. Na mimi."

"Mzee," Mwokaji alisema haraka, "yangu nina kigari cha kuifungia pembeni. Nikitoa makreti ya mikate unaenea vizuri. Nitaweka mto."

"Wewe una kasi. Hiyo mashine yako ataendesha huyu." Fimbo ilimwelekea Daktari.

"Mume wangu, hebu ngoja kwanza," mkewe alianza.

"Mzee," alisema Daktari, "mlimani kule kona ni nyingi. Utayumba sana."

Mzee Kabureta aliketi kwenye kiti walichomsogezea, akaunyoosha mguu wenye kiatu mbele yake ili kila mtu auone.

"Ndiyo maana," alisema, "naitaka."